Fundi Asiyejua Kuogelea

Siku moja nilikuwa kwenye duka la vifaa vya umeme hapa Ifakara, nikisubiri balbu yangu ijaribiwe. Akaingia mzee mwenye boti ya kuvusha watu na mpunga. Alitaka fundi wa kumfungia taa na pampu ya kutoa maji.

"Boti yangu inavuja," alisema bila aibu. "Pampu ikigoma katikati ya mto, tunazama na abiria."

Mafundi wawili walikuwa wamekaa barazani. Mzee akamuuliza wa kwanza, "Unajua kuogelea?"

"Mzee, mimi nimekulia mtoni. Samaki wananiamkia!"

Tukacheka. Mzee hakucheka. Akamgeukia wa pili. "Na wewe?"

Yule akakuna kisogo. "Shikamoo mzee. Kusema kweli, maji yakifika magotini natafuta mtu wa kunishika mkono."

"Marahaba. Kazi ni yako. Safari ya kwanza tutapanda wote, utakaa karibu na pampu."

Fundi akaingia dukani, akachagua waya. Akautazama, akaurudisha, akaomba mnene zaidi.

Tangu siku hiyo, nikimwona mkandarasi anajenga daraja, natamani kumuuliza kama anajua kuogelea.