Siku Nne za Dirce

Moreno alipiga simu Jumapili moja ya Januari, ukungu umeshika kijiji hadi mnara wa kanisa ukaonekana nusu, akamwambia mama yake kwamba safari hii wanakuja wote. Yeye, mkewe Bronwyn, na binti yao Isla wa miaka saba, ambaye Dirce hakuwahi kumtia machoni ila kwenye kioo cha simu. Miaka tisa ilikuwa imepita tangu Moreno aje mara ya mwisho kutoka Australia. Sasa walikuwa na likizo nzima ya Julai, naye alikuwa ameketi kuigawa kama mtu anayegawa keki mbele ya watoto: Roma siku tano, Firenze nne, Venezia tatu, na siku nne kwa mama.

"Siku nne zitakutosha, mama?" akauliza.

Dirce alikuwa amesimama jikoni, akashika meza kwa furaha. Siku nne. Usiku nne wenye watu wanaopumua chumba cha pili. Lakini mdomo una mazoea yake, na mdomo wa Dirce ukasema, "Siku nne za nini huku, mwanangu? Utawaonyesha nini, mbu? Wapeleke waone vitu. Msijisumbue kwa ajili yangu."

Kisha akanyamaza, akingoja kuulizwa tena.

Sisi watu wa bonde la mto Po, kaskazini mwa Italia, hatupokei kitu mara ya kwanza. Ukikaribishwa kahawa unasema hapana, nimetoka kunywa sasa hivi. Ukikaribishwa tena unasema usijisumbue. Ya tatu ndipo unavuta kiti, na ole wake mwenyeji asiyefika ya tatu, maana atasemwa hadi kwenye maziko ya wajukuu zake. Nimewahi kuona wanawake wawili wakisukumiana kapu la mayai mlangoni, chukua, sichukui, chukua, hadi mayai yakaishia sakafuni na wote wawili wakaondoka wameridhika. Ni adabu. Ni upuuzi pia, lakini tumelelewa nao, na Moreno alilelewa nao katika nyumba ile ile.

Ila Moreno alikuwa amekaa Melbourne miaka zaidi ya ishirini, kwa watu ambao ukikataa chai, birika linarudishwa kabatini.

"Sawa, mama," akasema. "Nitapunguza." Siku mbili kati ya nne zikahamia Napoli.

Dirce alizaliwa mwaka uliofuata mafuriko makubwa ya mto Po, katika nyumba ambayo ukuta wake bado ulikuwa na mstari wa matope juu ya dirisha. Alifanya kazi kiwanda cha sukari hadi kilipofungwa, kisha akafuma sweta nyumbani kwa mashine, akilipwa kwa kila sweta. Aliolewa na Gastone, mtu mwema asiye na maneno, na fungate yao ilikuwa siku moja Venezia, asubuhi kwenda na jioni kurudi, kwa sababu mavuno yalikuwa yakingoja. Hakurudi tena Venezia, ingawa ni mwendo mfupi tu kwa treni. Ukimuuliza kwa nini atakwambia ameshaiona.

Katika maisha yake yote Dirce hakuomba kitu. Aliringia jambo hilo kama wengine wanavyoringia dhahabu. Gastone alipougua alikataa msaada wa majirani mara mbili, na walipokuja ya tatu akawapikia wao. Na kijana wake wa pekee alipopata kazi ng'ambo, akaja akasimama pale jikoni na kumuuliza, "Nibaki, mama?" Dirce alimjibu, "Nenda, mwanangu, usinifikirie mimi." Moreno alikuwa kijana na alitaka kwenda, basi hakuuliza mara ya pili. Dirce alilingoja lile swali la pili hadi ndege ilipopaa.

Mwezi Machi simu ikaja tena. Bronwyn alikuwa ameona picha za pwani ya kule chini ya Napoli, vijiji vimening'inia juu ya bahari, na mtoto anapenda kuogelea. Moreno alisema kwa sauti ya mtu anayekanyaga kwenye maji asiyojua kina chake: wakichukua siku moja kwake, ikabaki usiku mmoja tu, atachukia?

"Hata huo mmoja, mwanangu," akasema Dirce, "mtoto atalala wapi? Nyumba ni ya kizee. Atakosa usingizi kwa joto."

"Una hakika?"

Hapa alikuwa ameulizwa mara ya pili, tena vizuri. Mara ya tatu ingemfikisha. "Nina hakika," akasema, akangoja.

Mara ya tatu haikuja. Wiki ya Pasaka Moreno alimweleza kwamba mpango umekamilika, hoteli zimelipiwa. Watashuka wakitoka Firenze kwenda Venezia, wale naye chakula cha mchana, kisha wapande treni ya alasiri. Dirce akasema vizuri sana, ndivyo akili ilivyo.

Jirani yake Ivana, mjane mwenzake, alisikia habari hizo siku ile ile akaja na hasira zake zote na aproni yake.

"Dirce, shoga yangu, wewe ni mjinga," akamwambia. "Mtoto kakupa siku nne, umemrudishia zote kama muuza duka."

"Nilisema vile inavyosemwa."

"Kwa nani? Yule keshakuwa mtu wa huko. Nipe simu nimwambie."

Dirce alimwapisha Ivana kwa roho ya marehemu mumewe kwamba hatampigia. Mama haombi, alisema. Mtoto anayetaka kulala kwa mama yake hulala, hahitaji kuombwa. Ivana akamwambia hicho ni kiburi kilichovaa nguo za adabu, na wakakaa siku kadhaa bila kusalimiana, wakitazamana juu ya ua wakati wa kuanika nguo.

Lakini mimi nitakuambia alichofanya Dirce, maana Ivana aliona yote kupitia dirishani. Alipaka chokaa chumba cha juu kwa mikono yake, juu ya ngazi, na umri ule. Aligeuza magodoro, akatoa zile shuka za kitani alizoletewa siku ya harusi na kuzipiga pasi hadi zikasimama zenyewe. Akaweka chandarua kitanda cha mtoto. Akafunga mlango wa chumba. Alitaka usiku mmoja tu, na aliuandalia mahali, na hakumwambia mtu.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto la kuyeyusha lami. Dirce aliamka kabla ya jogoo kuwika, akaoka kanga wawili, wale ndege wa kufugwa, kwa majani ya kunukia, akakata tambi za mayai za kutia kwenye supu, akasonga ugali wa mahindi ya njano, maana Moreno alipokuwa mdogo hakula kanga bila ugali. Walifika kwa teksi kutoka stesheni, wamebabuka kwa jua la Napoli. Bronwyn alikuwa mrefu na mwenye kicheko kizuri. Isla alikuwa na kidevu cha Gastone, na Dirce alipokiona alilazimika kwenda kuchungulia sufuria.

Walikula. Ajabu ya chakula kile ni kwamba kilikuwa cha furaha. Isla alimaliza supu akaomba tena kwa ishara, akafundishwa neno la ugali akalirudia vibaya, na wote wakacheka. Bronwyn alikubali kila alichokaribishwa mara ya kwanza, sahani ya pili, glasi ya pili, na Dirce, ambaye alitarajia kuudhika, aliona raha ya ajabu kumhudumia mtu asiyebishana. Moreno alisimulia Roma, foleni zake, siku tano kumbe hazitoshi, na Firenze siku nne zimezidi, mtoto amechoka na picha za watakatifu. Alisema mtu hawezi kujua vipimo vya safari kabla ya kusafiri. Dirce aliitikia, na jicho lake lilikuwa kwenye saa ya ukutani.

Baada ya kahawa Bronwyn na mtoto walitoka uani kutazama kuku. Moreno akachukua taulo amkaushie mama yake vyombo, kama zamani.

"Nilikuuliza mara tatu, mama," akasema, bila kumtazama. "Ya kwanza siku nne, ya pili siku moja. Hata Pasaka nilipiga nikitumaini utanikemea."

"Pasaka hukuuliza. Uliniambia."

"Nilichoka kukataliwa. Bronwyn aliniambia, mama yako hataki tuje. Nikamjibu mama yangu ndivyo alivyo, husema anachomaanisha." Akaiweka sahani juu ya zingine taratibu. "Sikuwa na hakika. Nilidhani bado umenikasirikia kwa kuondoka."

Dirce alishika ukingo wa beseni. "Ulitakiwa uniulize tena," akasema. "Ndivyo sisi tunavyofanya."

Moreno akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Nilisahau," akasema. "Nimekaa sana kule, mama. Nilisahau kabisa."

Nje teksi ilikuwa imerudi, dereva akapiga honi. Na hapo Dirce, mikono imejaa povu, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe.

"Basi laleni," akasema. "Usiku huu mmoja. Venezia haihami."

Moreno alimtazama, uso umemlainika ukawa wa yule kijana aliyesimama jikoni zamani. "Hapana, mama," akasema. "Tusikusumbue. Uanze kutandika vitanda na joto hili lote?"

Vitanda vilikuwa vimetandikwa tangu Jumatatu. Angesema hivyo tu: vimetandikwa. Lakini kusema vimetandikwa ni kusema nimewangoja, nimepaka chokaa, nimepanda ngazi, nimepiga pasi shuka za harusi kwa watu walioniambia wanakuja kula tu. Aibu ilimzuia. Na pia, namlaumu lakini namwelewa, alikuwa amesikia neno hapana, na miezi sita ilikuwa imemfundisha kwamba mwanawe sasa ni mtu wa Melbourne, na kwa watu wa Melbourne hapana ni hapana. Aliona itakuwa kosa kutomsikiliza.

"Sawa, mwanangu," akasema.

Moreno hakuondoka. Alibaki amesimama na taulo mkononi, akimtazama mama yake, kana kwamba kuna kitu kimebaki. Dirce alidhani anatafuta pa kulitundika, akampokea.

Kisha ikawa mabusu, mikoba, Isla kusahau kofia na kuirudia mbio, Bronwyn kumkumbatia kwa nguvu na kumwambia jambo ambalo hakulielewa. Moreno aliingia mwisho. Alifungua dirisha la gari, akafungua mdomo, akaufunga. Teksi ikazunguka kona ya kanisa na vumbi likatua.

Ivana alikuwa uani kwake tayari, ugomvi wao umemtoka kichwani, akivuka kuja. Alitaka kusimuliwa, na Dirce akamsimulia, neno kwa neno, hata la kuomba, hata la aibu ya vitanda. Ivana alimsikiliza akiitikia kwa kichwa hadi mahali fulani, kisha akamsimamisha.

"Alisemaje, hapo?"

"Alisema hapana."

"Alisema hapana tu, au alisema tusikusumbue?"

"Alisema tusikusumbue. Kwamba nitachoka kutandika."

"Nawe?"

"Nikasema sawa."

Ivana akakaa kwenye kiti alichokalia Isla. Safari hii hakuwa na hasira hata kidogo, na Dirce aliogopa kuona hana hasira.

"Dirce," akasema, "tangu lini mtu wa kule akasema tusikusumbue? Hiyo ilikuwa hapana yetu. Mtoto amekumbuka. Alikataa ya kwanza, akasimama pale akingoja ya pili."

Dirce aliliona taulo mkononi mwa Moreno, na macho yake, na yeye mwenyewe akilipokea. Alikaa chini, si kwenye kiti, pale pale kwenye ngazi ya mlango, na akalia kama ambavyo hakuwahi kulia hata Gastone alipofariki, bila kuficha uso, na mtu mwingine akimwona.

Ivana alimletea simu akambonyezea mwenyewe. Ikaita mara nyingi. Moreno alipopokea nyuma yake kulikuwa na kelele za treni, na watu wakiburuta mizigo.

"Mama? Kuna kitu tumesahau?"

Ivana alikuwa amemwinamia, akimwonyesha kwa midomo: mwambie. Dirce aliona vile itakavyokuwa, mtoto amechoka, mkwewe anashusha mikoba stesheni isiyojulikana, pesa za hoteli zimepotea, wote wanarudi kwenye joto kwa sababu kizee hakujua kukaribisha.

"Hapana, hapana," akasema. "Nilitaka kujua tu kama mmepata viti."

Upande wa pili Moreno alinyamaza, muda wa kutosha mtu kuulizwa tena.

"Tumepata, mama," akasema.