Maharagwe Yaliyogeuza Trekta

Miaka ile sukari ilipokuwa imenoga, watu walipanda miwa hadi kwenye vizingiti vya nyumba. Kwetu, upande wa Butere, kilibaki kishamba kimoja tu cha chakula, cha maharagwe ya mama, nyuma ya jikoni. Nacho kilikuwa hatarini, kwa sababu mizizi ilikuwa ikioza kila msimu na maharagwe kufa yangali machanga.

"Yakioza tena naleta trekta, tupande miwa," baba alisema. "Hapo mnachezanga tu."

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo cha kilimo, kichwa kimejaa masomo na mdomo hauna breki. Nilimkuta mama akirundika matawi makavu shambani ili ayachome, kuua ugonjwa. Nilimzuia. Nilimweleza kwamba udongoni mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, vibaya na vizuri. Vile vizuri hukaa kwenye mizizi, hulishwa na mmea, navyo huvibana vibaya visipate pa kuingilia, hata huuzindua mmea ujikinge wenyewe. Moto huua vyote, na mara nyingi vibaya ndivyo hurudi kwanza.

"Sasa hivyo vizuri tunatoa wapi?" mama aliuliza.

Nilimpeleka kwenye shimo la taka chini ya migomba, ambako maganda na samadi vilikuwa vimeoza vikawa vyeusi, vikinukia kama ardhi iliyonyeshewa. Tulibeba karai baada ya karai hadi shambani. Baba alicheka hadi akatafuta pa kukaa. Eti tunatibu kuoza kwa vitu vilivyooza!

Mvua ikaja, maharagwe yakaota. Kila asubuhi nilikwenda kuyatazama, kwani yakifa ningekuwa nimemponza mama. Yalipofikia kimo cha kufa, baba alimleta jirani ashuhudie. Baba aling'oa shina moja. Mizizi ilikuwa myeupe, mizima. Akang'oa la pili, kisha la tatu.

"Ukimaliza kung'oa, obusuma utakula na nini?" mama alimuuliza, maana kwetu ugali hauliwi mtupu.

Baba alichuchumaa, akayarudisha mashina udongoni na kuyashindilia kwa vidole vyake. Furaha niliyoisikia siku hiyo hakuna cheti kilichowahi kunipa.

Trekta ilikuja hata hivyo, kwani alikuwa ameshaiagiza akiamini yataoza. Baba alitoka mbio, akasimama katikati ya njia mikono juu.

"Geuza," alimwambia dereva. "Hapa kuna maharagwe."