Nilimwambia mama mkwe akichanja, korona haimpati

Admin nifichie jina, maana Babati ni ndogo na mama mkwe wangu anajulikana Maisaka nzima. Nina miaka 33, watoto wawili, na genge langu la mboga. Mume wangu yuko mgodini, huja mara moja kwa mwezi, kwa hiyo nyumbani tupo mimi, watoto na mama yake. Mama ana sukari, na kwa ubishi hana mpinzani, lakini ananipenda kuliko hata mabinti zake.

Chanjo ya korona alikuwa haitaki kabisa, mimi ndiye niliyembembeleza. Muuguzi alinieleza vizuri kwamba aliyechanja anaweza kuugua, ila mara nyingi hazidiwi sana. Nilipofika nyumbani nikafupisha: "Mama, ukichanja haikupati." Nilijua nikisema yote hataenda. Akaenda kwa kuniamini.

Wiki mbili zilizopita nikaanza chafya na mwili kuuma. Sikuwaza korona, na mimi nilishachanja, nikadhani ni mafua tu. Mama akachemsha majani ya mkaratusi na mchaichai, akasema tujifukize wote wawili, maana mgonjwa akiwa peke yake anaweza kuangukia sufuria. Tukajifunika blanketi moja, magoti kwa magoti, tunavuta mvuke huku tunacheka. Nikikumbuka kile kicheko natamani kulia.

Keshokutwa yake kitunguu kiliungua mbele yangu nisisikie harufu. Nikaenda kupima kimya kimya. Wakaniingiza kijiti puani, na jibu likatoka kwamba ninayo. Muuguzi akasema nijitenge, na niliyekaa naye karibu apimwe, hasa mwenye sukari. Jamani, nilishindwa kusema. Nilivaa barakoa nikadai mafua yamezidi, nikawa nalala stoo.

Sasa mimi nimepona, mama ndiye anakohoa. Tangu juzi akitoka tu chooni anahema. Nimemwomba twende hospitali akapimwe, akanijibu, "Nipimwe nini, mwanangu? Si ulisema aliyechanja haimpati? Hii ni baridi tu, niletee chai."

Nilijaribu kumweleza kwamba inaweza kumpata hata aliyechanja. Akaniambia nisimtishe.

Leo asubuhi jirani amekuja kumwona, akamwambia isije ikawa korona. Nilikuwa jikoni. Nikamsikia mama anajibu, sauti inakatika, "Haiwezi kuwa. Mkwe wangu hawezi kunidanganya."

Najua mtaniambia niseme ukweli. Nikisema, mume wangu na dada zake watajua kwamba nilikuwa na majibu siku zote hizi nikanyamaza, na yeye mwenyewe hataniamini tena mpaka anaingia kaburini. Nisiposema, hatoki kitandani kwenda kupimwa, na hilo kaburi naliona linakuja. Nimechoka, sili, silali, wateja gengeni wananiuliza nina nini.

Naandika nikiwa nimesimama mlangoni kwake na kikombe cha chai, namsikia anavyovuta pumzi. Nishaurini, ndugu zangu, nikiingia humu ndani nianze na neno gani?