Mapigo Mia Moja Thelathini na Nane

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kutomuuliza mtu yeyote. Saa iliponiambia kwamba moyo wangu unapiga mara mia moja thelathini na nane kwa dakika, nami nimekaa tu kwenye kiti, niliuvuta mkono wa sweta juu yake nikaendelea kushona. Namba ile niliificha kwa wiki tano.

Wateja wanaokuja barazani kwetu Gihundwe huiona saa yangu na kuniuliza kama inafaa kununuliwa. Jibu langu ni refu kuliko wanavyotaka, ndiyo maana naliandika.

Mimi ni fundi wa nguo na sikufundishwa na mtu. Nilifumua mashati makuukuu nione yalivyounganishwa, nikayashona upya, na yaliyobaki niliyatafuta kwenye simu. Aliyejifunza hivyo anaweza kubaki na hofu moja, na mimi ninayo: siamini kitu kimekaa sawa mpaka nikione kimepimwa. Niliwahi kufumua pindo la suruali mara nne kwa sababu ya tofauti ambayo mwenye suruali, hata nilipomwonyesha, hakuiona. Basi siku nilipokuta kwa muuza simu wa Kamembe saa inayohesabu hatua, usingizi na mapigo ya moyo, niliona nimempata mwalimu niliyemkosa miaka yote. Angenisahihisha mpaka mwili.

Mwanzoni ilikuwa raha. Saa ilikuwa na duara dogo linalojaa kadiri unavyotembea, na kwa kuwa fundi hukaa kutwa, langu halikujaa. Jioni nikawa nazunguka nyumba mpaka majirani wakauliza nimepoteza nini. Siku moja mama yangu, ninayemwita Maman, akaiomba. Yeye huuza vitenge kati ya Bukavu, tulikoishi kabla ya kurudi Rwanda, na huku kwetu. Huvuka daraja la mpakani kwa miguu, mzigo kichwani, kisha anaupanda mlima. Alirudi alasiri amelowa jasho, na saa ikasema karibu hakutembea kabisa.

"Papa, hii saa yako inawaza nilibebwa," alisema. Ndivyo anavyoniita tangu utoto, Papa, kama akina mama wengi wa kule wanavyowaita wana wao.

Nilimwambia lazima aliminya mahali pasipostahili. Baadaye nikasoma kwenye simu kwamba saa hizi huhesabu hatua kwa kufuata mtikisiko wa mkono, na mkono wa Maman ulikuwa juu, umeshika mzigo, umetulia kama nguzo. Nilisoma, nikaelewa, na sikujifunza lolote. Nilijiambia kwamba hizo ni hatua tu. Moyo hupimwa kwa ile taa ya kijani iliyo chini ya saa, na taa haiwezi kudanganya.

Kisha ikaja ile mia moja thelathini na nane.

Baba yangu alifariki Bukavu nikiwa shule ya msingi. Alishusha magunia kwenye lori, akaja nyumbani, akaketi kwenye kiti cha mlangoni kuvua viatu. Alivua kimoja. Watu wakasema ni moyo, na hakuna aliyesema zaidi. Mimi nilibaki na picha ya mtu aliyeketi, si ya mtu aliyebeba gunia. Ndiyo maana namba kubwa inayotokea nikiwa nimeketi ilinitisha hivyo. Kesho yake ikaja mia moja arobaini. Siku iliyofuata, mia moja thelathini na tano. Niliziandika zote nyuma ya daftari la vipimo vya wateja, kwa mwandiko mzuri, na pambizo nimezipiga mstari kwa rula.

Nikaanza kujitunza kwa siri. Niliacha kahawa. Niliacha kuimba sauti ya juu kanisani. Nilikanyaga cherehani polepole, na kweli namba ikashuka, jambo ambalo lilinihakikishia kwamba kazi ndiyo inayoniua. Suruali iliyokuwa ya asubuhi moja ikawa ya siku nzima. Mzee tunayegawana naye baraza, fundi aliyeanza kushona kabla sijazaliwa, aliniuliza kama namshonea maiti, maana hana haraka. Nilicheka pamoja naye huku nikiichungulia saa.

Kilichonifichua ni sare za kwaya. Akina mama wa kanisa waliniletea kitenge cha sare zao zote, kazi ambayo nilikuwa naisubiri tangu nianze ufundi, kwa kuwa sare za kwaya hutembea: huonekana kila harusi, na kila anayeziona huuliza zimeshonwa na nani. Niliwarudishia kitambaa. Nilisema nina kazi nyingi, na mezani palikuwa na kaptura moja.

Habari ilimfikia Maman kabla sijafunga kazi. Alikuja barazani, akakaa juu ya mzigo wake ambao hakuwa hata ameufungua.

"Uko unakataa kazi ya bamama ba kanisa. Kuko nini?"

Nilianza kuzungumzia uzi. Aliniacha nimalize habari yote ya uzi, halafu akauliza tena kuko nini.

"Ni moyo, Maman."

"Moyo gani?"

"Ule wa marehemu."

Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono nimpe daftari, kwa maana alikuwa ameniona nikilitazama. Alisoma namba zangu zote, ukurasa na nusu, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kisha akasema kesho tunaenda kupimwa, na kwamba wiki tano ni nyingi kwa muntu kubeba kitu kama hicho peke yake.

Kwenye kituo cha afya nilimpa muuguzi daftari kabla ya kumpa mkono. Alikuwa mama wa makamo asiye na haraka. Alilifunga daftari, akaliweka kando, akanipima presha, akasikiliza kifua mbele na mgongoni. Kisha akashika kifundo cha mkono wangu kwa vidole viwili, akatazama saa ya ukutani kwa dakika nzima. Ile dakika niliisikia yote.

"Themanini na nane," alisema. "Huo ni moyo wa mtu mwenye woga. Ugonjwa sijauona."

Nilimwambia siyo hapa, ni kazini. Akaomba simu, ambako saa huhifadhi siku zote kwa michoro. Aliipitia siku kwa siku, kisha akanigeuzia. Jumatatu mpaka Jumamosi mstari ulipanda kila nilipokuwa kazini. Jumapili ulilala. Na kulikuwa na asubuhi moja nilipomsaidia Maman kupandisha mzigo kutoka mpakani: hapo ulifika mia na kumi tu.

"Kwa hiyo ukipanda mlima na mzigo moyo unatembea, ukikaa kwenye kiti unakimbia?" aliuliza muuguzi.

Wiki zote zile nilizitazama namba moja moja, kama mishono, na sikuwahi kuitazama nguo. Alisema nirudi nikakae kwenye cherehani nishone kama kawaida, na mtu anihesabu kwa vidole wakati huohuo saa ikiwa mkononi. Zikilingana, nirudi kwake siku hiyohiyo.

Tulifanya hivyo mchana uleule. Nilianza kukanyaga kwa mwendo wangu wa zamani, ule niliouacha. Maman alisimama nyuma yangu, vidole viwili chini ya taya langu, akihesabu kwa Kifaransa cha shule yake ya Bukavu. Mzee alishika simu na kutangaza dakika. Meza ya cherehani yangu ina mguu mmoja mfupi, ulioegemezwa kwa karatasi ngumu iliyokunjwa, na ikienda kasi hutikisika yote, na mkono wangu wa kushoto huwa juu yake ukiongoza kitambaa.

"Soixante-dix-neuf," alisema Maman.

Sabini na tisa. Saa ilikuwa inasema mia moja thelathini na nane.

Nilitaka arudie. Alirudia, ikawa themanini na moja. Nilitaka arudie tena, na hapo Mzee akaniambia ninyamaze, akaivua saa mkononi mwangu. Alichukua kipande cha kitenge, akakisokota kikawa kinene kama mkono, akakivisha saa na kukilaza juu ya meza. Akanisukuma nitoke kwenye kiti, akakikalia yeye na kuanza kukanyaga.

Taa ya kijani iliwaka, ikafikiri kidogo. Kisha namba ikatokea: mia moja thelathini na mbili.

Tulikitazama kile kitenge wote watatu.

"Huyu naye mumupeleke hospitali," alisema Mzee. "Alale, asibebe kitu."

Maman alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, na mimi nilicheka, halafu nikagundua kwamba silii lakini uso umelowa. Saa ilikuwa inahesabu miguu yangu. Nilipokanyaga haraka ilipanda, nilipokanyaga polepole ilishuka, na mimi nilikuwa nimejifuata mwenyewe wiki tano nikidhani ni baba.

Nilienda kwa akina mama wa kwaya kabla jua halijashuka. Kitambaa walikuwa hawajakipeleka kwa mwingine. Mmoja wao alisema walijua nitarudi, kwa kuwa mtu mwenye kazi nyingi hashoni kaptura moja siku tatu. Sare zilitoka nzuri. Kola tatu hazilingani na nyingine, najua ni zipi, na sikuzifumua.

Kwa hiyo anayeniuliza kama anunue, namwambia hivi. Kama unataka kuona nani anapiga simu huku mikono imejaa kitambaa, au kuamshwa bila kuamsha nyumba nzima, nunua, utaipenda. Kama una kitu ndani kinachokutisha, usinunue kwanza. Peleka hicho kitu kwa mtu mwenye vidole. Kwa watu kama mimi saa haipunguzi woga, huupa namba, na woga wenye namba unaonekana kama elimu.

Sijaiuza. Ninapoketi kwenye cherehani naivua na kuitundika kwenye msumari, karibu na mkasi. Nimerudi kwenye kahawa na kwenye sauti ya juu. Mguu mfupi wa meza nimeukatia kipande cha ubao. Na jambo linaponitia hofu, ninamwambia Maman siku hiyohiyo.