Helmeti za wasichana wa kriketi zilivaliwa na watu wa boda Emali, mpwa wangu akapigwa usoni

Wakuu, nawasalimu wote. Naanza na pale pabaya zaidi, mengine yatafuata.

Mpira ulimpata Mwende chini ya jicho la kushoto. Nilisikia ile sauti nikiwa nje ya laini ya uwanja, kama mtu amevunja kuni.

Akakaa chini. Hakulia. Damu ikashuka kwa jezi.

Na saa hiyo hiyo, nje ya seng'enge, kuna kijana wa boda amekalia pikipiki anatazama mechi. Kichwani ana helmeti ya kriketi. Ile yenyewe, iko na vyuma mbele ya uso.

Someni hapo tena. Anayerushiwa mpira, kichwa wazi. Anayetazama, helmeti.

Mengi naandika hapa nilikuwepo, mengine niliulizia mwenyewe. Shule niliacha darasa la tano, kwa hivyo nikikosea mahali mnivumilie, lakini uongo hamtapata.

Mwende ni mtoto wa dada yangu Kalondu, wa Kyuso. Mimi nilikuwa mtu wa boda Emali kwa miaka mingi, mpaka lori likanigonga pale junction. Kichwa kilipasuka. Sikio la kulia halisikii mpaka leo. Kwa hivyo mtu asinifundishe mambo ya helmeti.

Nikarudi Kyuso kwa Kalondu kupona, na hapo ndio nilianza kumjua huyu msichana.

Kriketi ililetwa na mwalimu wao wa primary, Madam Katunge, na bat ya plastiki, ile ya kupigia mpira. Lakini mahali Mwende alijifunza ni pale tunapigia ndengu. Kwa wale hawajui: ndengu, wengine mnaita choroko, ikikauka unaipiga na fimbo mpaka maganda yapasuke. Ule uwanja tunaupaka udongo na mavi ya ng'ombe, unakuwa mgumu na sawa kama sakafu. Mpira ukigonga hapo unaruka vizuri.

Kalondu aligombana naye kila msimu.

"Wewe Mwende! Hizo ndengu zikiingia mchanga utazila wewe na huyo Madam wako!"

"Mama, nicheze kidogo tu, halafu nitakupigia gunia lote."

Na alikuwa anapiga kweli. Fimbo inapanda wima, inashuka wima, hachoki. Baadaye coach mmoja alimuuliza ni nani alimfundisha kushika bat wima hivyo. Akamjibu, "Ni ndengu, coach." Coach alicheka mpaka akashika magoti.

Akapata nafasi boarding upande wa Emali, akaingia timu ya wasichana. Wageni fulani wakaleta msaada: bat, glavu, pedi za miguu, helmeti. Bat na pedi wasichana waliona. Helmeti hapana.

Aliyepokea ni Chairman wa timu, Jackson Ndolo. Mwenye ufunguo wa stoo ni msaidizi wake, Pius Muoki. Wasichana wakiuliza, Pius anawaambia, "Ziko bandarini Mombasa, ushuru bado."

Hazikuwa Mombasa. Ndolo alikuwa anatafuta kura za wadi, na watu wa boda walikuwa wanasumbuliwa na polisi juu ya helmeti. Akawagawia. Akapigiwa makofi.

Mimi sina ubaya na watu wa boda. Hata wao wako na vichwa, na mimi ni mmoja wao. Lakini nunua zako, bwana!

Turudi uwanjani, siku ile nilikuwa nimetoka Kyuso kumtazama. Yule kijana, anaitwa Kyalo, alipoona damu aliruka seng'enge akaja mbio. Nikamkamata shati.

"Hiyo helmeti umetoa wapi?"

"Chairman ndiye alitupatia, mzee. Boda wote wa stage tuko nazo."

"Ni ya huyu."

Akamwangalia Mwende. Akaivua, akamvalisha polepole, tukampandisha pikipiki, mimi nyuma nikimshikilia, mpaka hospitali.

Hivyo ndivyo mpwa wangu alivaa helmeti yake mara ya kwanza.

Kyalo alikataa kuichukua tena.

Mfupa wa shavu ulikuwa umevunjika. Jicho lilipona, Mungu ni mkubwa. Kalondu akasema kriketi imeisha. Shavu lilipopona, Mwende alikuja kwangu na ile helmeti mkononi.

"Uncle, njoo unirushie."

Wakuu, mwanzo alikuwa anaukimbia mpira. Mguu unatoroka wenyewe, hata yeye hajui. Anaukaripia, "Wee mguu, rudi hapa!" Tunarudia. Watu wa kwenda sokoni wakawa wananicheka.

"Mzee, mtoto amekukosea nini unamtupia mawe?"

Mwende anawajibu, "Mwacheni, hata hana nguvu!"

Tulirusha likizo yote mpaka ule mguu ukakubali, na mwisho Kalondu naye.

Alirudi timu, akapiga mpira mpaka jina likafika Nairobi, akaitwa timu ya taifa. Msichana wa Kyuso, hata miaka ishirini hajafika.

Mechi yake ya kwanza nje ya nchi tuliitazama kwa simu dukani kwa Abdi, ameiegemeza kwa mizani. Mpira mmoja ukaja juu, moja kwa moja usoni. Kalondu alinishika mkono kucha zikaingia.

Mwende akainamisha kichwa, mpira ukapita. Mguu ulibaki pale pale.

Uliofuata akaupiga mpaka nje ya laini, na hiyo kwa kriketi ni pointi nne.

"Hiyo ni goli?" Abdi akauliza.

"Ni nne," nikamwambia.

"Goli nne kwa mpira mmoja? Wallahi huyu msichana!"

Nililia, na sioni haya.

Aliporudi, Ndolo alikuwa wa kwanza kumshika bega mbele ya kamera pale Emali. "Huyu nimemlea mimi." Mwende alitabasamu, lile kovu likajikunja. Ana moyo mkubwa kuliko mimi.

Nilichojifunza ni hiki: ukiambiwa kifaa cha mtoto wako kiko njiani, enda stoo mwenyewe ufunguliwe uone. Kama una mtoto kwa timu yoyote na mmefanyiwa hivi, sema hapa chini.

Kwa sababu wale wasichana wadogo wa Emali bado wanacheza vichwa wazi. Nilikuwa huko juzi. Helmeti ni ile moja ya Kyalo, Mwende aliwaachia, wanapokezana.

Jackson Ndolo, Pius Muoki, najua kuna watu wenu humu na watawaonyesha. Bandari msinitajie. Jibuni hapa mbele ya watu: zile helmeti zingine wasichana watazivaa lini, ama mnangoja wa pili avunjwe uso?