Walichokiona Mwanza

Maumivu yalinianza msimu wa pamba, miaka ile ya soko huria, wakati ushirika unakufa na wanunuzi binafsi wanaingia Bariadi kila mmoja na lori lake na mizani yake. Mume wangu alikuwa karani wa ushirika. Ghala lao lilipofungwa, mnunuzi mmoja alimchukua awe anamnunulia pamba vijijini. Mimi nilikuwa mama ntilie karibu na kiwanda cha kuchambulia pamba, ambako madereva walikaa foleni kutwa nzima wakisubiri kushusha mzigo, na mtu anayesubiri hula sana.

Nilikuwa nasonga ugali. Kitu kikanishika chini ya kitovu, upande wa kushoto, kikakaza kama mtu anavyokamua blanketi lililoloa, na hakikuachia. Nilichuchumaa pale pale na mwiko mkononi. Dereva mmoja alidhani nimeungua, akanimwagia maji mguuni.

Jioni yakapoa. Baada ya siku kadhaa yakarudi, na tangu hapo yamekuwa yakija na kuondoka yanavyotaka yenyewe. Sikuona chakula kinachoyaleta wala dawa inayoyafukuza. Nilijifunza kuhudumia wateja nikiwa nimeegemea meza kwa tumbo, na wengine wakadhani ndiyo tabia yangu.

Hospitali ya wilaya walisema ni minyoo. Nilikunywa dawa, nikarudi, wakasema amiba. Miaka ile zahanati za watu binafsi na maduka ya dawa yalikuwa yanafunguliwa mtaani kwetu Somanda kila kukicha, na kila nilipoingia nilipewa ugonjwa wa pale: hapa taifodi, pale vidonda vya tumbo, kwingine uchafu kwenye mkojo. Sidhani kama walikuwa wananidanganya. Walinipa walichokuwa nacho. Mwishowe mume wangu akaniambia nifunge mgahawa twende hospitali kubwa Mwanza.

Kule nilikaa wodini. Walinipiga picha, wakanimezesha mpira wenye taa, wakapima damu na choo na kila kinachopimika. Daktari alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye sauti ya chini. Siku ya mwisho alivuta kiti akakaa karibu na kitanda changu, nami nikajua anakuja kunitajia saratani. Nilikuwa nimeshajiandaa. Nilikuwa nimeshaamua hata watoto watakaa na nani.

“Mama,” alisema, “tumeangalia kila tunachoweza kuangalia. Hatuoni kitu.”

Nilimuuliza kama hakuna kitu, kinachouma ni nini. Akasema hajui. Sikuwahi kumsikia daktari akisema hajui, na nilibaki namtazama mdomo kana kwamba kuna maneno mengine yatafuata. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walinipongeza. Niliwaitikia, nikafunga vitu vyangu, na kwenye basi la kurudi tumbo likanikamata kuanzia Magu mpaka Lamadi. Nilijikunja kwenye kiti nikijiambia kwamba sina kitu.

Mume wangu hakuwa mtu wa kuficha jambo kwa ndugu zake. Alipopita kwao Shishiyu na lori la pamba, alimweleza kaka yake mkubwa kila kitu, na kaka yake akauliza swali ambalo watu wengi wa kwetu wangeuliza: kama hospitali kubwa haioni ugonjwa, basi ni ugonjwa gani huo? Shemeji hakuwa mtu mbaya. Alisali kanisani, alilipa ada za watoto wa wengine, na mimi mwenyewe alinipenda. Nadhani ni kwa kunipenda alichukua kuku akaenda kwa mfumu, mganga wa kuagua, upande wa Meatu. Mfumu alimpasua yule kuku, akatazama ndani yake, na yeye akaona.

Nilipata habari tulipokwenda Shishiyu kusaidia kuvuna. Shemeji alituita mimi na mume wangu pembeni ya zizi. Hakuzunguka.

“Ni mama,” alisema.

Sikuelewa. Nilidhani anasema mama anaumwa, nikauliza ameshikwa na nini. Shemeji akanitazama kwa huruma, akarudia taratibu kwamba aliyenifunga tumbo ni mama yao, na kwamba Jumapili ukoo utakaa kulizungumza.

Niligeuka kumtazama mume wangu, nikitegemea atakasirika, au hata atacheka. Alikuwa anatazama ng'ombe. Alikuwa amenyamaza jinsi mtu anavyonyamaza anapoambiwa jambo ambalo tayari limempitia kichwani, na ukimya ule ulinishtua kuliko maneno ya kaka yake.

Sitasema mimi na mama mkwe tulikuwa tunapendana. Aliniita mtu wa mjini. Aliupima ugali wangu kwa kidole na kusema ni uji. Nilipojifungua mtoto wa kwanza hospitalini badala ya kwake, hakunisalimia kwa muda mrefu. Lakini nilijua pia anavyoishi. Alikuwa mjane, anaishi peke yake kwenye nyumba ndogo mwisho wa boma, anapikia miti mikavu ya pamba na mavi ya ng'ombe, na moshi ule ulikuwa umemfanya macho yawe mekundu kama ya wazee wengi wa kule. Na macho mekundu, miaka ile, yalikuwa hatari, kwa kuwa yalichukuliwa kuwa dalili ya uchawi. Msimu uliotangulia, katika kijiji cha jirani, bibi mmoja aliuawa kwa panga mlangoni kwake baada ya watu kusema anaroga. Ilisemekana waliomuua hawakujulikana. Kila mtu alikuwa anawajua.

Siku zilizobaki kabla ya Jumapili niliona jambo ambalo sikulijua. Nilidhani kumkataa mtu ni kumtukana au kumfukuza, kumbe kunaanza kimya kimya. Wanawake waliokuwa kisimani walijaza ndoo haraka wakaondoka alipofika. Watoto waliokuwa wanakwenda kwake kula karanga waliitwa warudi. Asubuhi alisimama mlangoni akamsalimia jirani aliyekuwa anapita, “Mwangaluka,” naye jirani akaendelea na safari kama hajasikia. Mama mkwe alibaki pale na mkono juu kidogo. Kisha akaingia ndani.

Mimi ndiye niliyekuwa naumwa. Hakuna aliyeniuliza ninafikiri nini.

Jumapili walitoka kanisani wakakaa uwanjani, chini ya kivuli cha ghala la mahindi: shemeji, wadogo zake, baba zao wadogo wawili, na mume wangu. Mama mkwe hakuitwa. Alikaa mlangoni kwake, mbali lakini si mbali kiasi cha kutosikia, akibangua karanga kwenye ungo. Nilipeleka maji ya kunywa. Nilipaswa kuweka mtungi na kuondoka, lakini baba mdogo mmoja alikuwa anasema kwamba jambo kama hili lisipomalizwa na wenye nyumba, litamalizwa na wengine. Nilijua maana ya kumalizwa. Nilipiga magoti, nikaomba kusema, na wakashangaa lakini wakaniruhusu.

Nilikuwa sijapanga maneno. Nilisikia mdomo wangu ukisema kwamba Mwanza wameona.

Shemeji aliniambia nirudie. Nikasema daktari aliona kwenye picha, ila nilimwomba anifichie, na hata mume wangu sikumwambia kwa sababu nilikuwa naona aibu.

“Ni maradhi ya kike,” nilisema. “Nimezaliwa nayo. Hakuna aliyenipa.”

Wanaume wote walitazama chini. Mke wa ndugu yao anatamka jambo la namna ile mbele yao. Ni nani angeuliza zaidi? Baba mdogo alikohoa. Shemeji ndiye pekee aliyejaribu. Aliuliza kwa upole kama maradhi hayo yanazuia kuzaa. Sikuwa nimefika huko. Nikaona kama nikisema hapana, atauliza lingine, na lingine, mpaka nikwame. Nikasema ndiyo, daktari amesema sitazaa tena.

Kikao kikageuka pale pale, na nilishtuka kuona wepesi wake. Watu waliokuwa wanamjadili mama yao sasa walikuwa wananijadili mimi. Walinihurumia kwa dhati. Halafu baba mdogo yule yule akamwambia mume wangu, nikiwa bado nimepiga magoti, kwamba mwanaume mwenye nguvu zake hawezi kuishia kwa watoto alio nao, atafute msichana wa kumsaidia mke wake. Niliinuka nikachukua mtungi. Nilipogeuka nilimwona mama mkwe. Alikuwa ameacha kubangua karanga.

Mume wangu alinifuata njia ya kisimani. Aliniuliza kama ni kweli. Nikamwambia hapana, Mwanza hawakuona kitu kama alivyosikia mwenyewe, na kwamba kama angefungua mdomo siku ile pembeni ya zizi, nisingelazimika kuufungua wangu. Alikaa chini kwenye majani, mtu mzima mwenye ndevu, akalia bila sauti. Sikumbembeleza. Alipomaliza, nilimwambia aende akamwambie mama yake afunge vitu vyake.

Kwa kaka yake alisema anamleta mjini anisaidie kazi kwa kuwa mimi ni mgonjwa. Hilo lilieleweka.

Mama mkwe alikaa kwetu Somanda kimya. Hakuukosoa tena ugali wangu. Alifagia, alianika vyombo, alikaa na watoto, lakini hakukubali kukanyaga jikoni. Hata maji ya kunywa aliniambia nijichotee mwenyewe. Nilikasirika. Nilijiambia, huyu mama nimemwokoa na bado ananiona mtu wa mjini. Maumivu yaliponijia alitoka nje kabisa, akakaa barabarani mpaka yaishe.

Hivyo ndivyo tulivyoishi mpaka mvua zikaja. Mchana mmoja tulikuwa tunachagua mchele wa mgahawani, yeye na ungo wake, mimi na wangu, na mvua inapiga bati. Akasema bila kuinua macho, “Ulidanganya pale.”

Nikasema ndiyo, mayu, kama tunavyomwita mama kwetu.

Aliendelea kuchagua. Halafu akaniuliza, kama anauliza bei ya chumvi, “Mtu anaweza kufanya jambo hilo bila kujua?”

Niliuliza jambo gani.

“Kumfunga mtu tumbo. Walikuwa wengi wanaosema. Mwanangu wa kwanza anasema. Nikajiuliza, labda ni kweli ninatoka na kufanya, halafu nasahau. Nimekuwa naiogopa mikono yangu. Ndiyo maana sikupikii.”

Ungo uliniponyoka, mchele ukamwagika. Nimeshtushwa mara nyingi maishani mwangu na nimesimulia hapa baadhi, lakini hakuna kilichowahi kunipiga kama sentensi zile za mama yule mkavu, aliyekuwa anaupima ugali wangu kwa kidole. Nilikuwa nimefikiria panga. Nilikuwa nimefikiria wale wanaume. Sikuwahi kufikiria kwamba waliposema vile, na yeye alikuwa anasikiliza, na alikuwa anawaamini. Alikuwa ameishi miezi yote ile nyumbani kwangu akinilinda dhidi yake mwenyewe.

Nilipiga magoti kuokota mchele, naye akapiga magoti, tukawa tunaokota pamoja. Ndipo tumbo likanishika, kwa nguvu, kama linavyonishika bila kuchagua saa. Alitaka kusimama atoke. Nilimshika mkono nikauweka pale panapouma na kuubana kwa mkono wangu asiutoe. Ulikaa pale mpaka maumivu yalipokwisha, na hayakuwa makali zaidi wala hayakuwa mepesi zaidi. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia, umeona mayu, mkono wako haujui lolote.

Kisha akasema mchele ule umeingia mchanga, tuuoshe mara mbili.

Nilizaa tena, mtoto wa kike, na watu wa Shishiyu wakasema ni maombi. Hakuna msichana aliyeletwa kunisaidia. Mume wangu alikataa mbele ya baba zake wote, kwa sauti, na nilipewa habari hiyo na wengine. Mama mkwe alipika mgahawani kwangu mpaka alipozeeka kabisa, na madereva walimpenda kwa sababu alijaza sahani. Alifariki kitandani, mchana, akiwa amemaliza chai. Kwa mwanamke wa umri wake na macho yake, wakati ule, nililiona hilo kuwa jambo kubwa.

Tulimrudisha Shishiyu kumzika. Shemeji hakuwahi kula chakula cha mama yake tangu siku za kuku yule, hata baada ya kikao, hata alipokuja Bariadi. Alikuwa anasema ameshiba. Siku ya pili ya matanga nilikuwa nabeba sufuria ya wali maumivu yakanishika katikati ya uwanja. Nikaiweka chini, nikajikunja juu yake. Nilipoinua kichwa, shemeji alikuwa amesimama mbele yangu, na uso wake ulikuwa umebadilika kabisa.

“Shemeji,” alisema. “Bado?”

“Bado.”

Kwa imani ya kule, mchawi akifa, alichokifunga hufunguka. Alitazama upande wa kaburi, udongo wake ukiwa bado mbichi. Alitazama tumbo langu, akatazama tena kaburi. Kisha aliinama akaibeba ile sufuria mwenyewe, jambo ambalo wanaume wa pale hawalifanyi, akaipeleka kwa waombolezaji. Alipoifikisha akakaa chini pembeni yake, akachota wali kwa mkono, akawa anautazama.