Sauti ya Mama Kabla ya Safari ya Bukavu

Mama alikuwa na rovu shingoni, na daktari wa Bukavu alikuwa ameshampangia upasuaji. Alimwambia wazi kwamba baada ya kisu sauti inaweza kubadilika, au isirudi kabisa. Mama aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa bei ya mboga ya sombe imepanda. Aliporudi nyumbani kwake Kilibula hakutaja kisu wala maumivu. Alichotaja ni mjukuu.

Dada yangu mdogo, aliyeolewa Kalemie, alikuwa na mimba kubwa. Katika ukoo wetu mtoto akizaliwa, nyanya yake humbeba na kumsemesha sikioni kwa Kifuliiru, akimtajia waliomtangulia, kuanzia wale waliochunga ng'ombe kule Rurambo alikozaliwa mama. Kabla nyanya hajasema, mtoto bado ni mgeni nyumbani. Sasa mjukuu huyu angezaliwa mama akiwa na bandeji shingoni, huenda bubu. Nikamwambia asihangaike, mimi nina ordinatere, yaani kompyuta, na mikro ya kunasia sauti, maneno yake tutayarekodi. Nilisema kwa majivuno, maana kazi yangu ni kupiga chapa na kutoa fotokopi, na mtaani wananiona fundi wa kila kitu. Mdomo ukaniponza.

Tuliketi sebuleni kwake asubuhi, siku moja kabla ya safari. Mama alisema vizuri, bila kukwama. Nilipovaa kaske masikioni nisikilize, nikakuta chini ya sauti yake kuna mngurumo usiokatika, kama mashine ya kusagia mihogo inayofanya kazi nyumba ya pili. Alipopumua, mngurumo ulijaa chumba chote. Mtoto wa siku moja angesikia kinu, asimsikie nyanya.

Ordinatere yangu inatumia Linux, mfumo ninaoupenda kwa sababu ukiuuliza jambo unakujibu, hata kama jibu linaudhi. Nikamwomba mama anyamaze, nikarekodi ukimya. Mngurumo upo. Nikachomoa sharjere, nikarekodi ukimya ule ule kwa betri peke yake. Mngurumo ukaisha. Waya wa umeme wetu unapita nyumba za majirani kabla ya kutufikia, na hakuna aliyekumbuka kushusha waya mmoja ardhini, kwa hiyo umeme ulikuwa unanguruma hadi ndani ya mikro.

Nikacheka peke yangu, mapema mno. Mngurumo ulipoondoka, nyuma yake kulikuwa na mchakacho mwembamba, kama mafuta yanayokaanga ndagala. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikakuta nguvu ya mikro imepandishwa hadi mwisho. Mashine ilikuwa inatega sikio kupita kiasi, inaokota kila kitu. Nikaishusha, nikaisogeza mikro karibu na mdomo wa mama, na ndagala zikaiva, mchakacho ukaisha.

Kilichonitoa jasho ni kelele iliyobaki. Kila rekodi ilianza safi, halafu mvumo kama wa upepo ukaingia, ukazidi, na mama alipofika kwa babu wa babu yake ulikuwa umemfunika. Nilibadilisha mipangilio, nikaizima mashine na kuiwasha, nikasoma ushauri wa watu wanaobishana kwenye mtandao. Betri inashuka, nikichomeka umeme mngurumo unarudi, na gari la Bukavu linaondoka kesho. Niliogopa, na mimi nikiogopa nakuwa mkali. Nilimwambia mama aache kutikisa meza, na alikuwa hajaigusa.

Aliinuka polepole, akaivuta ordinatere kidogo na kuinyooshea kitambaa chake. Hapo ndipo nilipokiona, ingawa kilikuwepo tangu asubuhi. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi: makochi yana vitambaa vyake vya krosheti, televisheni ina chake, redio ina chake. Mama alikuwa ametandika kile kizito, chenye wanga, chini ya ordinatere, akakikunja hadi ubavuni kwa unadhifu, na kila nilipotoka kuvuta hewa alikirekebisha. Nikapeleka mkono chini ya mashine. Ilikuwa ya moto kama kifuniko cha sufuria. Feni yake haikuwa na pa kupumulia, ikawa inazunguka kwa nguvu zote, na ule ndio upepo wangu.

Nikaanza kukivuta kitambaa. Mama akakishika upande wa pili.

"Sauti yangu itakaa mule," akasema. "Weye unataka ikae uchi?"

Nilikuwa na maelezo mengi juu ya feni na joto, nikayameza. Nilimwomba kitambaa kihamie chini ya mikro, kwa kuwa sauti inaingilia pale kabla ya kufika kwenye mashine. Alifikiri, akakubali, akakitandika mwenyewe. Tulingoja feni itulie. Mama akasema tena yote, kwa utulivu, na rekodi ikatoka safi kiasi kwamba niliisikia midomo yake ikiachana kabla ya kila jina. Nililia, na sikujificha.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Mjukuu, msichana, alizaliwa mama angali hospitalini, na dada alimwekea sikioni rekodi niliyoituma kwa simu ya mumewe, siku ile na siku zilizofuata. Sauti ya mama ilirudi taratibu, nzito, yenye mikwaruzo, ya mtu mwingine kabisa. Alipokuwa amerudi Kilibula na kupata nguvu, tulipiga simu Kalemie ili amsemeshe mtoto kwa mara ya kwanza. Alianza tu, mtoto akapiga yowe. Dada, kwa haraka, akamwekea ile rekodi, na mtoto akanyamaza papo hapo. Mimi nilivimba kichwa, nikamtazama mama nikidhani atafurahi.

Mama aliisikiliza sauti yake ya zamani kidogo tu, uso umekunjamana.

"Funga ile mashini," akamwambia dada, akijigusa kifua. "Minye niko. Inafaa mutoto anizoweye minye."

Dada akaizima. Mtoto akaanza kulia tena, na mama, kwa mikwaruzo yake, akaanza upya kumtajia wazee, hakuruka hata mmoja.